NTG-EDSD: dodoso la bure la kumfuatilia mtu mwenye ulemavu wa akili anayeanza kusahau

Mtu mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoleta ulemavu wa akili, akifika miaka arobaini na kitu, akaanza kujikojolea usiku au kugoma kuvuka kizingiti alichokivuka maisha yake yote, jibu analopewa mlezi ni lile lile: huyo ndivyo alivyo. Jibu hilo limeficha magonjwa mengi. NTG-EDSD ni karatasi iliyotungwa ili lisikubaliwe kirahisi. Inachukua mambo ya kila siku, kuoga, kula, kulala, kutembea, kuzungumza, na kwa kila jambo inauliza kama liko hivyo tangu zamani au limebadilika. Hakuna picha za kuchora wala hesabu za kichwa, na mhusika mwenyewe hapewi mtihani wowote. Anayejibu ni mtu anayeishi naye.

Dodoso hili lilitolewa mwaka 2013 na kikosi kazi cha Marekani kinachoshughulikia ulemavu wa akili na demensia, yaani kupungua kwa kumbukumbu na akili ambayo mtu alikuwa nayo. Linapakuliwa bure kwenye tovuti ya kikosi hicho, NTG, pamoja na mwongozo wake. Lipo la Kiingereza na la lugha nyingine kadhaa, zikiwemo Kihispania, Kiitaliano na Kijerumani. Mapitio haya ni ya toleo la Kiingereza, tukichukulia kwamba atakayelijaza Dar es Salaam, Mombasa au Arusha atasoma Kiingereza na kuuliza kwa Kiswahili. Katika safari hiyo fupi kutoka kwenye karatasi hadi mdomoni ndimo makosa mengi huingia.

Hukumu yetu tuitoe mapema: ni chombo kizuri, kinafaa nyumbani na kwenye vituo vya kulelea, ila karatasi ya mwaka wa kwanza ikiwa peke yake haina uzito mkubwa. Uzito unakuja mwaka wa pili na wa tatu, unapoziweka karatasi pamoja mezani na kuona alama zimehama kutoka kisanduku hiki kwenda kile. Anayelitafuta ili ajue leo hii kama ndugu yake ana Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta demensia, amekosea duka.

Kwanza, kwa nini miaka 40

Mwongozo unataka kila mwenye sindromu ya Down ajaziwe dodoso akifikisha miaka 40, kisha kila mwaka. Sababu iko kwenye kromosomu ya 21. Mwenye sindromu ya Down anazo tatu badala ya mbili, na jeni inayotengeneza protini ya APP imekaa humo humo. Protini hiyo ikikatwakatwa hutoa amiloidi, ile taka inayojirundika kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Kwa kuwa kiwanda ni kikubwa kuliko cha watu wengine, taka huanza kujaa mapema: akifika miaka 40, karibu kila mwenye sindromu ya Down ana mabadiliko hayo kwenye ubongo, hata kama kwa macho hana dalili. Dalili zenyewe huonekana kwa wastani miaka ya mwanzo ya hamsini, na wakiishi vya kutosha zaidi ya 90% hufikwa na demensia.

Kwa wenye ulemavu wa akili usiotokana na sindromu ya Down, dodoso halipangiwi umri. Linajazwa pale mlezi anapoona kuna kilichobadilika. Sisi tungeongeza jambo moja ambalo mwongozo haulilazimishi: mjazie mwenye sindromu ya Down mara moja akiwa na miaka 35 hivi, angali mzima, na umrekodi kwa simu kwa dakika chache akifanya mambo yake. Akivaa shati, akifunga vifungo, akipanda ngazi, akimega ugali, akisimulia habari ya jana. Daktari atakayemwona kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 52 hana njia nyingine ya kumjua alivyokuwa, na kumbukumbu za familia hupaka rangi.

Vipimo vya kawaida vya kliniki havisaidii hapa. MMSE, ile ya alama 30, inataka mtu atoe saba saba kutoka mia na kunakili pembetano mbili zilizopishana. Asiyewahi kuweza hayo atapata alama za chini akiwa na miaka 20 na atapata za chini akiwa na 60. Kipimo hakimwambii mtu kitu. Hata IDEA, kipimo kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee wasiosoma, chenye alama 15 na zoezi la kupanga njiti za kiberiti, kilikusudiwa wazee waliokuwa na akili ya kawaida ujanani. Ni kipimo kizuri mahali pake. Lakini mwenye ulemavu wa akili akipata alama 7 au pungufu, ambayo ndiyo alama ya hatari ya IDEA, huwezi kujua alichopoteza na ambacho hakuwahi kuwa nacho. Mtu huyu hafai kulinganishwa na jirani yake. Afananishwe na yeye mwenyewe wa mwaka jana, na hilo ndilo NTG-EDSD inalolifanya.

Ndani ya karatasi

Sehemu ya mwanzo ni ya utambulisho: umri, kiwango cha ulemavu, aina yake, anaishi na nani, afya yake ikoje kwa jumla na ikilinganishwa na mwaka uliopita, macho, masikio, kifafa, na matukio makubwa ya mwaka: msiba, kuhama, kubadilishiwa mlezi, ugonjwa, kudhulumiwa. Wajazaji wengi huipita mbio wakitaka kufika kwenye maswali ya kusahau. Ni kosa kubwa. Mama aliyemlea kwa miaka 45 akifariki, naye akahamishiwa kwa mama mdogo mkoa mwingine, karibu kila swali linalofuata litajibiwa "ndiyo, amebadilika", na sababu itakuwa imeandikwa kwenye ukurasa ulioachwa wazi.

Kiwango cha ulemavu kinaulizwa kwa namba za kipimo cha akili (IQ), mfano 55 hadi 69 kwa ulemavu mdogo na 40 hadi 54 kwa ulemavu wa kati. Huku kwetu wengi hawajawahi kupimwa. Usibuni. Kuna kisanduku cha "haijulikani", weka alama hapo, halafu pembeni andika kwa maneno alichoweza kufanya kilele cha uwezo wake: alikuwa akitumwa dukani na kurudi na chenji, au alikuwa akienda dukani akiwa na karatasi, au hakuwahi kutoka uani peke yake. Sentensi moja ya namna hiyo ina faida kuliko namba.

Kisha yanakuja maswali yenyewe, yamegawanywa: shughuli za kujihudumia, lugha na mawasiliano, usingizi, kutembea, kumbukumbu, tabia na hisia, malalamiko ya mhusika mwenyewe, na mabadiliko makubwa ambayo wengine wameyaona. Mwishoni kuna magonjwa ya kudumu, dawa anazotumia, na nafasi ya kuandika hatua inayofuata.

Kila swali lina majibu manne, na hayo manne ndiyo roho ya dodoso. Kwa Kiswahili tungeyasema hivi: "tangu zamani yuko hivyo", "yuko hivyo tangu zamani ila sasa kumezidi", "ni jipya, limeanza ndani ya miezi 12 iliyopita", na "hana jambo hilo". Kisanduku cha pili na cha tatu ndivyo vinavyobeba habari. Cha kwanza na cha nne vinasema hakuna kilichotokea.

Mitego ya kuuliza kwa Kiswahili

Maswali mengi kwenye karatasi yameandikwa kwa kukanusha: hatambui watu anaowafahamu, hafuati maelekezo rahisi, haanzishi mazungumzo. Ukimgeukia mlezi na kumwuliza "Hatambui watu?" akajibu "Ndiyo", amesema nini? Kwa Kiswahili kilichozoeleka amekubali kwamba hatambui. Lakini mwingine, hasa aliyezoea Kiingereza cha ofisini, amemaanisha anatambua. Kwenye karatasi majibu hayo mawili yamesimama pande mbili za mto. Uliza kwa kukubali: "Anawatambua watu wa nyumbani?" Ukijibiwa, fuata na "Na mwaka jana wakati kama huu?" Ndipo uchague kisanduku mwenyewe.

"Mwaka huu" ni mtego wa pili. Ukiuliza mwezi wa pili "limeanza mwaka huu?", mlezi anahesabu tangu Januari, na tatizo lililoanza Oktoba linaangukia kwenye "tangu zamani". Funga muda kwa tukio: tangu Ramadhani iliyopita, tangu masika ya mwaka jana, tangu harusi ya yule binamu yake. Chagua tukio moja kabla ya kuanza na ulitumie hadi mwisho.

Mtego wa tatu ni wa asiyesoma. Kuna swali la kusoma na la kuandika, pamoja na kuandika jina lake mwenyewe. Ambaye hakupelekwa shule hata siku moja anaingia "tangu zamani yuko hivyo". Anayesoma vizuri anaingia "hana jambo hilo". Wajazaji huwachanganya hawa wawili kwa kuwa wote "haliwahusu", na mwaka unaofuata mjazaji mwingine akiweka alama sehemu tofauti, inaonekana mtu amepoteza kusoma ambako hakuwahi kuwa nako.

Swali la majina ya watu linahitaji akili ya nyumbani. Kwenye nyumba nyingi dada mkubwa anaitwa Dada, mjomba anaitwa Anko, na jirani anaitwa Mama Fulani. Mhusika hakuwahi kulijua jina la cheti. Angalia kama bado anamwita mtu kwa lile jina alilomwita siku zote. Akianza kumwita dada yake Mama, hapo pana habari ya kuandika. Kadhalika siku na majira: aliyekuwa anajua Ijumaa kwa kanzu inayopigwa pasi, au Jumapili kwa viatu vya kanisani, anaweza kuulizwa hilo. Ambaye hakuwahi kujua siku, usimhesabie.

Kuhusu kula, karatasi inafikiria kisu na uma. Swali tulitafsiri kwa tonge: anamega, anafinyanga, anachovya, anatafuna kabla ya kumeza? Anajaza mdomo kupita kiasi? Anapaliwa na chai au wali mkavu? Kupaliwa si jambo la adabu ya mezani. Chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia, na nimonia ni miongoni mwa mambo yanayowaua zaidi watu hawa demensia ikishakomaa. Akipaliwa mara kwa mara, usingoje dodoso limalizike ndipo uende hospitali.

Kutembea kunahitaji macho kuliko maswali. Fomu inauliza kama anasita kwenye nyufa, mistari, sakafu yenye maua au ardhi isiyo sawa. Mpitishe kutoka sakafu ya saruji kuingia kwenye vigae vyenye maua, mvushe mtaro mdogo, mwache apande kizingiti. Anayeunyoosha mguu kama anayepima kina cha maji amekuonyesha kitu, ingawa kitu hicho kinaweza kuwa mtoto wa jicho. Kwa wenye sindromu ya Down mtoto wa jicho huja mapema.

Tabia na hisia tungeiweka mbele ya kumbukumbu, kama tungepewa kalamu. Kwa wenye sindromu ya Down mara nyingi mabadiliko ya tabia hutangulia: anapoteza hamu ya ngoma aliyoipenda, anakaa kando, anakuwa mkaidi, anafanya mambo bila kujizuia, na kumbukumbu bado inaonekana nzima. Mlezi anayesubiri kuona kusahau atachelewa. Swali la "anaongea peke yake" ndilo la kulichukulia kwa utulivu. Wengi wa hawa wameongea peke yao tangu utotoni, ni namna yao ya kupanga mawazo, na jibu sahihi ni "tangu zamani". Likiwa jipya, au sauti yake imekuwa ya hofu, hiyo ni habari nyingine.

Anayejibu ni nani

Mwongozo unataka mtu aliyemfahamu kwa miezi 6 au zaidi. Dada wa kazi aliyeanza miezi mitatu iliyopita anajua ya leo vizuri sana, pengine kuliko wote, lakini hana cha kulinganisha. Mama anayo miaka yote, ila kuna kinachomfunika: amekuwa akimfanyia kila kitu. Ukimwuliza kama mwanawe anaoga mwenyewe atakuambia "namwogesha", na dodoso litaandikwa "tangu zamani". Vunja tendo vipande: "Mama, ukimwekea ndoo, kata na sabuni ukatoka nje, anafika wapi?" Kuteka maji, kujimwagia, kujipaka sabuni, kusuuza, kujifuta. Aliyekuwa akifika kwenye kusuuza na sasa anaishia kushika sabuni mkononi, amepoteza hatua mbili, na hilo haliwezi kuonekana kwenye neno "namwogesha".

Bora wajibu watu wawili, kila mmoja peke yake, halafu walinganishe. Mtu wa nyumbani na mtu wa kituo au karakana anakoshinda. Wakitofautiana usitafute wastani. Andika majibu yote mawili na majina ya waliojibu. Tofauti ya nyumbani na kituoni mara nyingine ndiyo inayofichua kwamba usingizi ni mbaya, au kwamba kituoni kuna mtu anayemtisha. Pia, tuseme wazi, mlezi mwenyewe anaweza kuwa na miaka 75 na kumbukumbu zake zikawa zimeanza kuyumba. Muulize na mtoto mwingine wa nyumba hiyo, kwa heshima, asipokuwepo bibi.

Muda ni kati ya dakika 15 na saa moja. Mara ya kwanza tenga saa nzima. Kusanya vitu kabla: kadi ya kliniki, dawa zote zenyewe zikiwa kwenye pakiti zake, na karatasi ya mwaka jana ikiwa ipo. Ila karatasi ya mwaka jana ikae imefunikwa mpaka umalize. Ukiiangalia huku unajaza, mkono wako unanakili.

Haina alama ya jumla

Hapa ndipo watu wanapogombana na dodoso hili. Ukimaliza hakuna kujumlisha, hakuna namba ya kusema amevuka au hajavuka. Mkuu wa kituo anayetaka orodha ya waliofeli hataipata. Waliolitunga walikusudia hivyo, kwani ni karatasi ya kuanzisha mazungumzo na daktari. Nchini Marekani lilitengenezwa liendane na ziara ya afya ya kila mwaka, iliyoanza 2011 chini ya bima ya Medicare, ambamo daktari anatakiwa aangalie kama akili ya mgonjwa imepungua. Kwetu, usisubiri kliniki ikuite. Panga tarehe mwenyewe.

Anayetaka namba achukue DSQIID, lililotolewa mwaka 2007 na Shoumitro Deb na wenzake wa Birmingham. Nalo ni la bure, na maswali mengi ya NTG-EDSD yametoka humo, pamoja na yale majibu manne. DSQIID lina vipengele 53 vya kuhesabiwa. "Kumezidi" na "ni jipya" hupata alama moja moja, mengine sifuri, na alama 20 ndiyo mpaka. Ni namba inayofaa, lakini ilipimwa kwa watu wenye sindromu ya Down, kwa hiyo kuitumia kwa mwenye ulemavu wa aina nyingine ni kuazima kiatu. Tena namba ina uzembe wake: mtu mwenye alama 12 anarudishwa nyumbani, kumbe mwaka jana alikuwa na 2. Kati ya mawili haya tunachagua NTG-EDSD kwa sababu linauliza pia afya, dawa na misiba, mambo ambayo hayamo kwenye alama za DSQIID. Kwenye kliniki yenye mtaalamu aliyefunzwa kuna CAMDEX-DS, inayomhoji mlezi na kumpima mhusika mwenyewe; hiyo si ya kujaza jikoni.

Alama zikishahama

Tuseme umekuta maswali matano au sita yamehamia "kumezidi" na "ni jipya". Usimpe mtu jina la demensia. Andika nusu ukurasa kwa daktari: mambo matatu yaliyobadilika zaidi, kila moja lilianza lini, na kulitokea nini karibu na muda huo. Daktari mwenye foleni atasoma nusu ukurasa; dodoso zima ataligeuza tu.

Halafu sisitiza vitafutwe vinavyotibika, maana ni vingi na vinafanana na demensia kama pacha. Tezi ya thairoidi isiyofanya kazi sawasawa ni ya kwanza kwa wenye sindromu ya Down: mtu anazubaa, ananenepa, anafunga choo, anasahau, na kipimo cha damu cha TSH kinamfichua. Wingi wa damu, vitamini B12, sukari, figo na chumvi, VVU, kaswende na mkojo viende pamoja. Masikio yaangaliwe kwa kifaa, kwa sababu njia zao za masikio ni nyembamba na nta huziba. Anayeonekana hafuati maelekezo huenda hasikii. Vijiti vya pamba huisukuma nta ndani zaidi, viacheni. Macho. Meno pia, kwani anayekataa chakula huenda ana jino bovu na hana maneno ya kulisema.

Ulizia usingizi. Anayekoroma kisha pumzi ikakatika, akashtuka, akarudi kukoroma, mchana wake utakuwa wa kusinzia na hasira. Mrekodi kwa simu dakika kumi usiku; ni ushahidi ambao hauna mjadala. Sonona nayo hujificha kwenye kujitenga na kulia, hasa baada ya msiba ambao familia iliamua kumficha "kwa sababu haelewi". Anaelewa kwamba mtu hayupo. Kwa wanawake wenye sindromu ya Down hedhi hukoma mapema kuliko kwa wengine, na kipindi hicho huvuruga usingizi na hisia.

Shingo ina habari yake. Kwa wenye sindromu ya Down pingili mbili za juu za shingo zinaweza kuwa legevu na kubana uti wa mgongo. Mwendo ukibadilika ghafla, mikono ikilegea, akaanza kujikojolea na kichwa amekiinamisha upande, huyo anahitaji daktari na picha ya shingo haraka, na asikandwe wala kunyooshwa shingo na mtu yeyote.

Dawa zisomwe moja moja. Benzhexol, inayotolewa sana pamoja na dawa za magonjwa ya akili, amitriptyline, na hata Piriton ya mafua, zote huvuruga kumbukumbu za mtu mwenye ubongo dhaifu. Fenobabitoni ya kifafa humfanya mtu awe mzito. Hakuna ya kuikata ghafla nyumbani, ya kifafa hasa, kwani ikisimamishwa kwa siku moja degedege inaweza kuja isiyokatika. Orodha iende kwa daktari, yeye ndiye apunguze.

Kuna dalili moja ambayo haingoji karatasi. Mtu mwenye sindromu ya Down aliyevuka miaka 40 bila kifafa, akaanza kushtuka asubuhi akiamka, mkono ukaruka na kikombe cha chai kikaanguka, au akaanguka kifafa kamili, apelekwe hospitali. Kifafa kipya katika umri huo huandamana sana na Alzheimer, na kina dawa. Wakati unaotumika kubishana kama ni jini unaula ubongo wake. Vivyo hivyo aliyekuwa mzima wiki iliyopita na leo hajielewi: hiyo si demensia, huenda ni homa, malaria, maambukizi ya mkojo, sukari au dawa, na dodoso lenye dirisha la miezi 12 halina kazi hapo.

Kasoro

Kiingereza chake kinamtaka mjazaji aliyesoma, na huyo mara nyingi si anayemwogesha mhusika. Kwa mwenye ulemavu mkubwa kabisa, asiyeongea na anayesaidiwa kila kitu, nusu ya visanduku hujaa "tangu zamani" na dodoso linakuwa bubu. Kwake tazama usingizi, kumeza, kutembea na hisia, mengine yaache. Orodha ya makazi imeandikwa kwa nyumba za Marekani, na familia ya watu kumi na mmoja inabidi ijieleze kwenye pambizo. Nafasi ya maelezo ni ndogo kuliko kinachotakiwa kuandikwa. Tena hakuna mahali pa kuandika mlezi mwenyewe ana hali gani, wakati hilo ndilo linaloamua kama majibu yataaminika mwakani.

Tungelipa nyota nne kati ya tano, tano kamili kwa kituo kilicholijaza miaka mitatu mfululizo. Nakala moja ikae kwenye faili la kliniki, nyingine nyumbani kwenye bahasha moja na kadi ya bima na picha za shingo, na juu ya ukurasa wa kwanza andika tarehe ya mwaka ujao kabla hujaifunga bahasha.